Kadi mpya ya grafiki, kioo giza: jinsi ya kutafuta tatizo kwenye laptopu

Kijana mmoja anayechora ramani za nyumba aliniletea HP EliteBook 8570w. Mashine ilikuja na kadi ya Quadro K1000M, naye akanunua K2000M iliyotumika na kuifunga mwenyewe nyumbani ili programu yake ya kuchora iache kukwamakwama. "Fundi, nikiiwasha kioo kinabaki cheusi tii. Hata alama ya HP siioni. Ila nikivumilia kama dakika moja, Windows inatokea kama kawaida." Aliyemuuzia alishamjibu kwamba kadi imekufa, aongeze hela apewe nyingine.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, usiongeze hata senti. Kadi iliyokufa haikuonyeshi Windows."

Ile dakika moja ya giza ndiyo iliyobeba jibu. Ndiyo maana mwongozo huu unazunguka swali moja ambalo wengi hawalijibu kabla ya kushika bisibisi: kioo kiko giza wakati gani? Ni kabla ya alama ya mtengenezaji, ni baada ya alama lakini kabla Windows haijakaa sawa, au ni baada ya draiva (programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi) kuingia na kazi kuanza? Kila wakati una wakosaji wake. Ukichanganya nyakati hizi utabadilisha vitu ovyo, na mwisho utanunua kioo kipya kwa kosa la mpangilio mmoja tu wa BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows.

Mifano yangu mingi ni ya HP EliteBook 8570w, HP ZBook 15 na Dell Precision M4700 na M6700. Hizi ni mashine za kazi nzito za mwaka 2012 na 2013 ambazo bado zinauzwa sana zikiwa zimetumika, na kadi zake zinachomoka.

Kwanza, je, hiyo kadi ilistahili kuingia humo?

Laptopu nyingi za sasa zina chipu ya grafiki iliyochomelewa kwenye madabodi, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Zinazobadilishika ni zile zenye sloti ya MXM, yaani nafasi ya kuchomeka kadi ya grafiki inayotoka. Kadi za MXM za kizazi cha tatu zina vipimo viwili: aina A ni milimita 82 kwa 70, na aina B ni milimita 82 kwa 105. EliteBook 8570w na Precision M4700 hutumia A. Precision M6700 na ZBook 17 hutumia B. Kadi kuenea kwenye sloti ni mwanzo tu. Yapo mambo matatu yanayofanya kadi ikae vizuri kabisa halafu picha isitoke.

La kwanza ni lugha ambayo kioo kinazungumza. Vioo vya zamani hupokea picha kwa LVDS, na vya baadaye kwa eDP. Kadi za MXM za GeForce GTX 10 hazitoi LVDS. Ukiiweka kadi kama hiyo kwenye mashine ambayo kadi ndiyo inayolisha kioo cha LVDS moja kwa moja, kioo chako hakitawaka hata kadi ikiwa mpya kabisa. Monita ya nje itaonyesha picha safi, nawe utabaki kulaumu kebo.

La pili ni umeme. K1000M imepangiwa wati 45 na K2000M wati 55, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine si mzigo mkubwa. Ila K5000M ya aina B ni wati 100. Kadi ya namna hiyo inataka chaja yake na hitisinki yake, yaani kile kipande cha shaba kinachobeba joto hadi kwenye feni.

La tatu ndilo linalotusumbua zaidi mezani: asili ya kadi. Ndani ya kila kadi kuna chipu ndogo yenye programu yake inayoitwa vBIOS. Programu hiyo ndiyo inayoamsha kadi kabla Windows haijaanza. K2000M iliyotolewa kwenye Dell na K2000M iliyotolewa kwenye HP zina chipu ileile ya grafiki, lakini vBIOS zao hutofautiana. Muuzaji akikuambia "zote ni moja", muulize imetoka kwenye mashine gani.

Jambo la kushika tangu sasa: kadi ya zamani usiiuze. Iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, juu ya kabati. Utaihitaji hapo chini.

Hatua ya 1: Tazama na usikilize kabla ya kufungua chochote

Washa mashine ukae kimya. Feni inazunguka? Taa ya kuwasha imekaa? Subiri dakika mbili nzima kwa saa, kisha bonyeza Caps Lock. Kama taa yake inawaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai nyuma ya giza. Unatafuta tatizo la picha, si la madabodi.

Kama taa ya Caps Lock inapepesa yenyewe kwa mpangilio kwenye HP hizi, hesabu. Mipepeso 3 kisha kimya ni kumbukumbu, yaani RAM. Mipepeso 4 ni grafiki. Mipepeso 5 ni madabodi. Kwenye Dell za wakati ule hesabu milio: 4 ni RAM, 6 ni kadi ya grafiki, 8 ni kioo. Milio 8 baada ya kubadilisha kadi haimaanishi kwamba kioo kimeharibika. Mara nyingi maana yake ni kwamba mashine haikuweza kukiona kioo kupitia kadi hiyo, ama kwa kebo iliyolegea ama kwa vBIOS isiyokijua.

Ukipata ishara ya RAM usishangae. Mkono unaopitisha kadi mara nyingi hugusa RAM iliyo jirani ikalegea. Ichomoe, irudishe mpaka vibanio vya pembeni vijifunge.

Hatua ya 2: Tochi, kisha monita ya nje

Zima taa za chumba. Washa mashine, subiri ifike mahali ambapo Windows ingekuwa imeshafunguka, kisha shika tochi ya simu karibu kabisa na kioo, kwa mshazari, uipitishe polepole. Mara nyingine utaona kivuli cha herufi, saa, au umbo la mahali pa kuandika nywila, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Ukiona hivyo, picha ipo na taa ya nyuma ya kioo ndiyo haiwaki. Kadi inafanya kazi. Tafuta kebo ya kioo, au mpangilio wa mwangaza ulioshuka hadi sifuri (bonyeza kitufe cha kuongeza mwangaza mara kadhaa kabla ya yote), au kihisi cha mfuniko. Laptopu nyingi hutambua mfuniko umefungwa kwa sumaku. Nimewahi kukuta sumaku ya bisibisi iliyolazwa kando ya kibodi ikizima kioo muda wote.

Usipoona kivuli chochote, chomeka monita ya nje na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, kisha mshale wa chini mara moja, kisha Enter. Rudia mara mbili tatu, maana huoni orodha inayochagua.

Picha ikitoka nje, safi na bila mistari, kosa liko kati ya kadi na kioo: kebo, kiunganishi, au lugha ya LVDS na eDP. Isipotoka kokote, rudi kwenye kadi yenyewe na BIOS.

Hapa kuna tahadhari kwa wenye Precision. Kama Optimus imewashwa, kioo cha laptopu kinalishwa na grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na kadi ya NVIDIA inafanya hesabu tu na kumpa Intel kazi iliyokamilika. Kwa hiyo kioo kikiwa giza wakati Optimus imewashwa, kadi mpya si wa kushukiwa kwanza. Anza na kebo. EliteBook 8570w haina njia hiyo ya Intel: kila picha, ya ndani na ya nje, inatoka kwenye kadi.

Hatua ya 3: Toa umeme wote, kisha ichomoe kadi uirudishe

Hatua hii hutibu kesi nyingi kuliko watu wanavyoamini, nami huifanya hata mteja akiapa kwamba alifunga vizuri.

1. Zima, chomoa chaja, toa betri.
2. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe.
3. Gusa chuma kilichoshikana na ardhi, au vaa mkanda wa mkononi. Usifanyie kazi hii juu ya zulia au blanketi.
4. Legeza skrubu za hitisinki kwa kufuata namba zilizochapishwa kandokando yake, kila moja kidogo kidogo. Ukiing'oa upande mmoja kwa nguvu, unaweza kuvunja pembe ya chipu.
5. Toa skrubu za kadi. Itainuka yenyewe kidogo kama RAM inavyofanya. Ivute kwa mshazari uleule.
6. Iweke chini ya mwanga.

Hapo kwenye mwanga, tazama meno ya dhahabu ya ukingoni. Kwenye kadi zilizotumika utakuta mara nyingi alama ya kidole, duara la mafuta lenye mistari yake, limekaa juu ya meno matano au sita. Au utakuta pesti ya kupozea imepakwa bila kukusudia, kijivu, nyembamba kama vumbi. Ni meno machache tu, lakini baadhi ya meno hayo ndiyo yanayobeba picha ya kioo. Futa kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uache ikauke kabisa. Usitumie kifutio cha penseli. Kinakwangua dhahabu.

Rudisha kwa mshazari, sukuma hadi meno yaingie kwa usawa kulia na kushoto, ndipo ulaze. Kama upande mmoja unaonyesha dhahabu zaidi ya mwingine, haijakaa. Angalia pia kebo ya kioo kwenye kiunganishi chake. Ichomoe na uirudishe, na kama ina utepe wa kuishikilia, ubandike tena.

Kabla ya kufunga mfuniko, washa kwa muda mfupi, hitisinki ikiwa imefungwa. Usiwashe kadi isiyo na hitisinki hata kwa sekunde kumi "ili kujaribu tu".

Hatua ya 4: Giza kabla ya alama, kisha Windows inatokea

Hii ndiyo iliyokuwa kesi ya yule kijana, na ndiyo ninayotaka uielewe vizuri, kwa sababu inawafanya watu watupe kadi nzima.

Mashine ikiwashwa kwa mfumo wa UEFI pekee (njia mpya ya BIOS ya kuamsha mashine), inaiomba kadi sehemu maalumu ya vBIOS inayojua kuonyesha picha kwa njia ya UEFI. Kadi nyingi za zamani hazina sehemu hiyo, kwa kuwa ziliandikiwa njia ya kale, inayoitwa Legacy. Matokeo yake mashine inaamka, inajipima, inapakia Windows, yote gizani. Draiva ya NVIDIA ndani ya Windows haihitaji sehemu ile. Inaishika kadi moja kwa moja, na ghafla kioo kinawaka kwenye mahali pa kuandika nywila. Ndiyo dakika moja ya giza.

Tatizo ni kwamba mpangilio wa kurekebisha uko ndani ya BIOS, na BIOS ndiyo usiyoiona. Hapo ndipo kadi ya zamani inaposhuka kutoka juu ya kabati.

1. Kama Windows inafunguka, ingia kwanza usimamishe BitLocker (kufuli la Windows la diski) kwa muda, na uandike ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi. Kubadilisha mipangilio ya kuwasha mashine kunaweza kuufanya ufunguo huo uombwe, na asiyekuwa nao atafungiwa nje ya kazi zake mwenyewe.
2. Zima, rudisha kadi ya zamani.
3. Washa, ingia BIOS. Kwenye HP ni F10, kwenye Dell ni F2.
4. Kwenye HP, tafuta Boot Mode. Ukikuta UEFI Native, badilisha iwe ile yenye neno Hybrid. Ikigoma, zima Secure Boot (ulinzi unaokataa programu za kuwashia zisizo na saini) kwanza.
5. Kwenye Dell, tafuta Advanced Boot Options na uwashe Enable Legacy Option ROMs. Huko nako Secure Boot lazima iwe imezimwa.
6. Hifadhi, zima, toa umeme wote kama ulivyofanya mwanzo, weka kadi mpya.

Usichague Legacy peke yake kama Windows yako iliwekwa kwa UEFI. Alama ya HP itaonekana, ndiyo, lakini mashine itakuambia hakuna diski ya kuanzia, nawe utadhani umeharibu diski. Hybrid inabakiza njia zote mbili.

Kwenye 8570w ya yule kijana nilibadilisha hilo moja tu. Alama ya HP ikatokea sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe.

Kwa wenye Dell Precision kuna njia ya pili ambayo naipenda zaidi: kwenye BIOS, sehemu ya Video, washa Enable Optimus. Intel ndiye atakayelisha kioo tangu mwanzo, na vBIOS ya kadi mpya haitaulizwa habari za kioo kabisa. Kadi isiyokijua kioo chako inaweza kufanya kazi hivyo bila shida.

Kama hata kadi ya zamani sasa haionyeshi picha, toa betri ya saa iliyo kwenye madabodi kwa dakika chache ili BIOS irudi kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha kagua kebo upya. Kosa si la kadi.

Hatua ya 5: Alama inaonekana, giza linakuja Windows ikipakia

Hapa kadi iko sawa, kioo kiko sawa, kebo iko sawa. Draiva ndiyo inayogombana.

Kwanza jaribu kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kwenye Windows 10 na 11 hilo huianzisha upya draiva ya grafiki, na mara nyingine picha hurudi hapohapo. Isiporudi, ingia kwenye hali salama: zima mashine kwa kushikilia kitufe wakati Windows inapakia, rudia hadi mara tatu, nayo itakuletea skrini ya kurekebisha ambayo kutoka humo utachagua Safe Mode. Humo ondoa draiva yote ya grafiki ya zamani. Programu ya Display Driver Uninstaller hufanya kazi hii vizuri kuliko kuondoa kwa mkono. Hili ni la lazima hasa kama umetoka AMD kwenda NVIDIA. 8570w nyingine zilikuja na kadi ya AMD, FirePro M4000, na mabaki ya draiva yake hayapatani na Quadro. Kata intaneti kabla ya kuwasha tena, ili Windows isilete draiva yake kabla hujaweka yako.

Kisha soma kitambulisho cha kadi. Fungua Device Manager, chagua kadi, kwenye Details chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_10DE. Hiyo 10DE ni NVIDIA. Baada yake kuna DEV: K1000M ni 0FFC, K2000M ni 0FFB, K2100M ni 11FC. Mwishoni mwa SUBSYS kuna tarakimu nne za mtengenezaji wa laptopu: 103C ni HP, 1028 ni Dell. Ukikuta 1028 ndani ya HP yako, sasa unajua kadi ilizaliwa wapi, na unajua kwa nini draiva uliyopakua kwenye tovuti ya HP inasema haikupata kifaa kinacholingana.

Draiva ikikataa hivyo, usikimbilie kuhariri mafaili yake. Fungua kifurushi cha draiva kwenye folda, rudi Device Manager, chagua kusasisha kwa mkono, kisha Have Disk, elekeza kwenye faili la INF (lile lenye orodha ya kadi ambazo draiva inazijua), na uichague K2000M kwenye orodha mwenyewe. Windows itakuonya, kubali. Kuhariri INF kunafanya saini ya draiva ivunjike, na utalazimika kuzima ulinzi wa Windows ili iingie. Ukiona Code 52 (namba ya kosa kwenye Device Manager), ndiyo maana yake hiyo.

Code 43 ni kwamba draiva iliishika kadi, kadi ikajibu vibaya. Jaribu draiva ya zamani kidogo kwanza. Ikibaki 43 kwa draiva tatu tofauti, naanza kuamini kadi yenyewe ni mbovu.

Ukitaka kuiondoa Windows kwenye kesi kabisa, washa kwa Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski, fungua terminal na uandike `lspci -nnk`. Kama kadi inaonekana humo na picha ni nzuri, lawama ni ya Windows. Kwa anayetumia Linux siku zote, kadi hizi za kizazi cha Kepler zinataka draiva ya NVIDIA ya mfululizo wa 470. Mifululizo mipya imeziacha.

Mistari, madoa na rangi za ajabu

Kuna jaribio rahisi ambalo huniokoa muda mwingi. Mistari ikiwa kwenye kioo, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi, itume kwenye simu yako uitazame huko. Kama mistari ipo hata kwenye simu, imechorwa ndani ya kumbukumbu ya kadi: ni draiva au kadi inayokufa. Kama simu inaonyesha picha safi, mistari inaongezwa njiani au kwenye kioo. Kagua kebo na bawaba inakopitia. Fungua na ufunge mfuniko polepole: mistari ikicheza pamoja na mfuniko, ni kebo.

Mistari inayoonekana hadi ndani ya BIOS, na kwenye monita ya nje pia, ni kadi mbovu. Irudishe kwa muuzaji.

Picha ikiwa kubwa na pana, kwa vipimo vya 1024 kwa 768 au chini, unatumia draiva ya msingi ya Microsoft. Rudi kwenye hatua ya 5.

Kioo kinazima ukishaanza kazi

Mashine inawaka vizuri, unafungua mchoro wa 3D, baada ya dakika kumi kioo cheusi. Hapa fikiria joto na chaja.

Fungua HWiNFO au GPU-Z uangalie joto likipanda. Likipita nyuzi 90 haraka, hitisinki haigusi chipu vizuri. Kadi mpya huweza kuwa na chipu za kumbukumbu mahali tofauti au pedi (vipande laini vya kupitisha joto) za unene tofauti, na pedi nene mno huinua hitisinki isiifikie chipu kuu. Kuna njia ya kuona kwa macho: paka pesti kidogo, funga skrubu zote, fungua tena bila kuwasha. Pesti iliyosambaa nyembamba mpaka pembe zote nne inaonyesha mgusano mzuri. Ukikuta kitone bado kimekaa kama ulivyokiweka, kimebonyea kidogo tu upande mmoja, hitisinki inaelea. Badilisha pedi kwa nyembamba zaidi, usikaze skrubu kwa nguvu kufidia.

Feni ikivuma kwa kasi ya juu muda wote baada ya kuweka kadi ya mtengenezaji mwingine, huenda mashine haiwezi kusoma joto la kadi hiyo. Usiipuuze. Inajilinda tu.

Kuhusu chaja: 8570w inataka wati 150, M4700 inataka 180, M6700 inataka 240. Chaja ya wati 90 ya EliteBook ya kawaida ina kichwa kilekile cha milimita 7.4, inaingia, taa inawaka, betri inajaa. Lakini kazi nzito ikianza, mashine inapunguza nguvu au inazima kadi. Watu wengi huazimana chaja hizi ofisini bila kusoma kibandiko cha chini. Kisome.

Vitufe vya mwangaza vimeacha kufanya kazi

Hili si tatizo kubwa. Kwenye Device Manager, sehemu ya Monitors, ondoa Generic PnP Monitor, kisha anzisha mashine upya. Ikishindikana, weka draiva ya mtengenezaji wa laptopu badala ya ile ya NVIDIA ya jumla. Kadi ya asili ya mtengenezaji mwingine huweza kubaki hivyo moja kwa moja, na hapo Optimus, kama mashine inayo, ndiyo suluhisho.

Kuandika upya vBIOS: hatua ya mwisho

Utasikia fundi akisema "tuiflashi tu". Inawezekana, na kuna wakati inafaa, kwa mfano kadi ya Dell unaitaka ndani ya HP na umepata vBIOS ya HP ya kadi hiyohiyo, kumbukumbu ya kiasi na aina ileile. Lakini kabla ya lolote, hifadhi ya sasa kwa `nvflash --save asili.rom`, na unakili faili hilo nje ya mashine. Betri iwe imejaa na iwe nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukiwa na betri iliyochoka, kadi nzima inakuwa kipande cha plastiki. Mimi hufanya hivi nikiwa nimeshajaribu hatua zote zilizotangulia, na mteja akiwa amekubali kwa maneno yake kwamba kadi inaweza isirudi.

Kabla ya kumkabidhi mwenyewe

Mashine ikishawaka, usiifunge na kuiita nzima siku hiyohiyo. Izime na kuiwasha mara tano, mara moja kati ya hizo ikiwa imepoa usiku kucha. Ilaze usingizi kwa kufunga mfuniko, ifungue, uone kama picha inarudi. Chomeka na uchomoe monita ya nje ikiwa kazini. Iache ichore kitu kizito kwa saa mbili huku ukiangalia joto. Washa tena BitLocker uliyokuwa umeisimamisha.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili, mashine haijamzimikia hata mara moja. Hapo ndipo nilipomwambia, sasa kauze ile K1000M.